Nyumba ya Kupanga, Mtaa wa Harcott

Mangere, Auckland
12 Februari 1989

Kwa Shangazi Akanesi,

Natumaini uko mzima, na kwamba kile kimbunga walichokitaja redioni kimepita mbali na paa lako. Sisi huku hatujambo. Mama bado anasumbuliwa na goti. Baba bado anafanya zamu ya usiku kiwandani na bado anakwaruzana na mchungaji kuhusu kwaya. Mimi nimemaliza mafunzo, Shangazi. Tangu mwezi uliopita ni nesi kamili, wodi ya watoto, hospitali kubwa ya mjini. Picha yangu na sare imo ndani ya bahasha. Tafadhali usiionyeshe kila mtu.

Sasa jambo lenyewe. Kutoka Mangere hadi hospitali ni mabasi mawili, na zamu ya asubuhi huanza basi la pili likiwa bado halijafika. Nimeshachelewa mara kadhaa, na nesi mkuu ananiangalia kama mtu aliyeleta matope sakafuni. Kwa hiyo mimi na Fetu, nesi mwenzangu, Msamoa, binti wa shemasi kwa hiyo tulia, tunatafuta nyumba ya kupanga karibu na mji. Mama amenuna. Anasema msichana haondoki kwa wazazi kabla hajaolewa. Baba anakwenda kuosha gari.

Tumezunguka sana. Mtaa mmoja ni mzuri lakini kodi yake ni ya madaktari. Mwingine uko kando ya reli, vikombe vinatembea mezani. Imebaki Grey Lynn. Ndiyo, Grey Lynn yako. Kazini wote wanasema huko ndiko kunakoinukia sasa. Wazungu vijana wananunua zile nyumba kuukuu za mbao, wanakwangua rangi milangoni, wanapanda waridi. Duka la yule Mhindi aliyekuwa akiuza magimbi sasa linauza kahawa katika vikombe vidogo kama vya kuchezea watoto. Bado zipo nyumba ambazo watu kama sisi tunaweza kuzipanga, lakini mwakani sidhani.

Ila sipataki kwa sababu hiyo tu. Napataka kwa ajili yako. Furaha yote ninayoikumbuka utotoni iko kwenye ile nyumba yako ya Mtaa wa Harcott, wewe ukinisuka verandani na kunifokea nisikimbie kwenye ngazi. Ulipoondoka kwenda kumwuguza Bibi nililia hadi Mama akatishia kunitia kwenye sanduku na kunituma Tonga kwa meli. Nyumba ile ile sasa inapangishwa. Naomba baraka zako. Neno lako likifika, Mama atanyamaza.

Mpwa wako,
Melenaite

*

Nuku'alofa
3 Machi 1989

Naite,

Tuko wazima. Kimbunga kilichukua mabati ya jirani na kuku wake, na sasa jirani anasema kuku wangu ndio wake. Kazi ipo. Hoteli imeniongezea shuka za kufua na kupiga pasi, malipo hawajaongeza. Picha nimeiona. Sare inakupwaya kiunoni. Ule, au mtafute mtu aipunguze. Nimeionyesha watu wote.

Kuhusu nyumba, jibu ni hapana.

Nyumba za kule zinaoza. Wakati wa baridi ukungu unapanda ukutani mpaka nguo za kabatini zinanuka. Panya wanakaa chini ya sakafu na wanajua saa ya chakula kuliko wewe. Kona kuna baa, na Ijumaa walevi wanakojoa kwenye ua wa mtu. Kanisa liko mbali. Vilima vitakuua magoti, na umesikia habari za goti la mama yako.

Panga Mangere. Panga Otahuhu. Panga popote unapotaka, hata hapo kwenye reli. Si Grey Lynn, na ukikaidi ukaenda Grey Lynn, si Harcott. Mimi ni dada ya baba yako. Nilikupa jina mimi. Kwetu shangazi akisema, mtoto wa kaka hajibu, na wewe hukulelewa na Wazungu. Sijawahi kukunyima kitu tangu uzaliwe. Hiki nakunyima.

Msalimie mama yako. Mwambie goti alikande kwa mafuta ya nazi yenye moto, si hayo marhamu ya dukani.

Akanesi

*

Mangere
20 Machi 1989

Kwa Shangazi,

Salamu. Huku wazima, goti limekandwa.

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta sababu, nikapata panya. Shangazi, Mangere pia kuna panya. Ukungu, nimepapasa kuta zote kwa mkono wangu mbele ya dalali, ni kavu. Baa imekuwa mahali pa kula samaki kwa kisu na uma. Kanisa, basi la Jumapili lipo.

Acha nikwambie habari za huyo dalali, maana hasira zangu si zako peke yako. Tulifika mimi na Fetu, tumevaa vizuri. Alikuwa ameshawaonyesha nyumba vijana wawili wa Kizungu, hao aliwauliza kama wanapenda jua la jioni. Sisi alituuliza, "Mtakaa wangapi?"

Nikamwambia, "Wawili."

"Wawili kwa kuanzia," akasema, akitabasamu. "Na wajomba watakuja lini?"

Fetu akamwambia, "Wajomba zetu wana nyumba zao. Na wa kwako wako wangapi?"

Hakulipenda. Lakini barua za hospitali alizipenda, na vijana wale wa jua la jioni waliona bafu ni dogo. Wiki iliyopita tumetia sahihi.

Ndiyo, nimetia sahihi kabla ya jibu lako la pili. Najua unavyoona. Nina miaka ishirini na mmoja, nashika mikono ya watoto wanaokufa, halafu nikirudi nyumbani naambiwa nisipande kilima. Kila mtu kwenye familia hii ana neno juu ya mahali nitakapolala, isipokuwa mimi. Ungenipa sababu moja ya kweli ningekusikiliza. Hukunipa.

Nimekasirika, na bado ni mpwa wako.

Melenaite

*

Nuku'alofa
11 Aprili 1989

Melenaite,

Umetia sahihi, kisha unaniandikia nikubariki. Hiyo si kuomba baraka, ni kuniletea sahani iliyokwisha kuliwa.

Sikukupa sababu kwa sababu sidaiwi sababu. Hayo ya kudai sababu umeyapata kwenye hiyo hospitali.

Usiniandikie kutoka anwani hiyo.

A.

*

Mtaa wa Harcott, Grey Lynn
7 Mei 1989

Kwa Shangazi,

Salamu kutoka anwani ambayo hukutaka niitumie. Sina nyingine.

Tumehamia. Najua hutaki kusikia, nakwambia hivyo hivyo. Mama alikuja siku ya kuhama na chungu cha magimbi na nyama ya kopo, akakagua vyumba vyote, akafungua makabati, akasema "Hm," na kwa Mama hilo ni shangwe. Baba aliazima lori la kiwandani. Alituletea vitu mpaka kona ya mtaa, akazima injini.

Nikamwambia, "Baba, nyumba iko kule chini."

Akasema, "Naiona."

"Basi twende."

"Mtabeba kutoka hapa."

Akabaki ameshika usukani, anatazama mbele. Mimi, Fetu na Mama mwenye goti lake tukabeba kitanda kichwani kupita mtaa mzima, Wazungu wametoka na mbwa wao kututazama. Baba hakushuka. Alirudi Mangere bila kunywa hata maji ya nyumba yangu. Sijawahi kumwonea aibu baba yangu kama siku ile. Kama ni wewe uliyemwambia asikanyage hapa, umefanikiwa, na nakwambia wazi kwamba si haki.

Lakini kuna mtu mmoja anayekukumbuka vizuri. Yule mama wa nyumba ya mkabala, Bi Beryl. Mume wake amefariki, amebaki na paka. Aliniona nikifagia ngazi akasimama getini akasema, "Wewe ni wa Agnes. Una mabega ya Agnes." Ndivyo anavyokuita, kwa Kizungu. Kila siku mbili tatu ananiletea malimau ya mti wake. Anakusalimu sana. Aliuliza kama bado unaimba.

Niandikie, hata kama ni matusi.

Melenaite

*

Mtaa wa Harcott
9 Julai 1989

Kwa Shangazi,

Sijui kama uko mzima, maana hujanijibu. Mama anasema umemwandikia kwamba sanduku la blanketi na nyama za kopo limefika, kwa hiyo mikono bado unayo. Huku ni baridi kali. Wodi imejaa vifua vya watoto. Kuhusu ukungu ulisema kweli, umetokea nyuma ya kabati. Haya, umeshinda hilo.

Jumamosi nilikuwa na mapumziko, nikaenda kumfungia Bi Beryl koki inayovuja. Tukakaa jikoni kwake tukinywa chai. Akaniuliza, hivi hivi, anapaka siagi kwenye mkate, "Na yule kijana hajambo? Ndugu wa Agnes, aliyelala kwenye chumba changu cha kufulia?"

Nikasema, "Ndugu wa Shangazi ni baba yangu, na hajawahi kulala kwenye chumba chako cha kufulia."

"Siku mbili, mpenzi," akasema. "Asubuhi ile polisi walipomchukua Agnes. Nilimkuta nyuma ya mashine amejikunja, ana nguo za kulalia, mguu unatoka damu kwa kuruka ua wangu. Nilimpa supu na koti la mume wangu, Norman. Hakusema neno siku mbili. Nilidhani ni bubu."

Polisi walipomchukua Agnes. Alisema kama mtu anayesema mvua iliponyesha. Kisha akaniona uso, akaweka kisu chini. "Hukujua," akasema.

Sikujua. Nilikuwa na miaka minane, Mama yuko hospitali kujifungua mtoto yule aliyefariki, mimi nimepelekwa kulala kwa mke wa mchungaji. Nikaambiwa Shangazi amekwenda kumwuguza Bibi. Miaka kumi na mitatu nimeambiwa hivyo, na kila Krismasi nimekuandikia nikikusifu kwa moyo wako wa kumwacha kila mtu na kwenda kumwuguza mama yako, na wewe ukajibu, "Ndiyo, ni wajibu."

Mmenidanganya nyote. Baba anakula mezani na mimi kila Jumapili na ananidanganya. Wewe umenitajia panya. Panya, Shangazi. Nimekaa kwenye mtaa huu miezi miwili nikicheka na majirani mahali ulipochukuliwa, na hakuna mtu wa damu yangu aliyeona inafaa kuniambia. Nimeambiwa na mgeni, na siagi mkononi.

Nataka kujua kilichotokea. Sikuombi kwa adabu.

Naite

*

Nuku'alofa
30 Julai 1989

Naite,

Mimi mzima. Blanketi zimefika. Mwambie mama yako asitume tena nyama za kopo, nina rafu nzima.

Ulikuwa na haki gani ya kuketi jikoni kwa mtu wa nje na kusikiliza mambo ya nyumba yetu? Lakini umeshasikia, na umesikia nusu. Afadhali nimalizie mwenyewe kuliko umalizie kwa chai nyingine.

Kibali changu cha kuishi kule kilikuwa kimekwisha. Sikukificha. Kiwanda cha sabuni kilijua, na kilinipenda hivyo hivyo kazi ilipokuwa nyingi. Kazi ilipopungua nchini, ndipo ikagundulika kwamba sisi ni wengi mno. Waliokaa kupita muda walikuwa wa kila rangi, na weupe walikuwa wengi kuliko sisi, lakini milango iliyogongwa ilikuwa ya kwetu. Hata karatasi za baba yako zilikuwa zimekwisha, na za mama yako; wao walipata mpya baadaye.

Baba yako alilala kwenye kile chumba cha nyuma kilichobandikwa kwenye nyumba, kwa sababu kaka halali ukuta mmoja na dada yake, na hata huko ugenini tulishika adabu yetu. Walikuja jua halijatoka. Waligonga kama watu wanaovunja. Nilitoka na gauni la kulalia. Walikuwa wanne na mbwa. Wakaniuliza pasipoti. Nilielewa kila neno, nilikuwa nimeishi kule miaka sita, lakini nikawaambia warudie taratibu. Wakarudia. Nikawaambia tena sielewi. Kwa sababu nilikuwa nimelisikia dirisha la nyuma likipandishwa.

Usinipambe kama wanavyopamba watu kanisani. Sikumwambia akimbie. Nilisikia dirisha, na nikawaza mawili kwa pamoja. Moja, vizuri, ana mke kitandani hospitali na ana Naite, aende. La pili, ameniacha. Mawazo hayo mawili yaliingia mlango mmoja na mpaka leo hayajatoka.

Wakauliza, "Nani mwingine yumo?"

Nikasema, "Niko peke yangu."

Kulikuwa na sahani mbili kwenye beseni. Mmoja alizitazama, akanitazama, akaenda nyuma na tochi. Chumba kilikuwa kitupu. Hawakuniruhusu kuvaa viatu. Nilishuka zile ngazi unazozifagia nikiwa miguu mitupu, na majirani wote madirishani, na mkabala pazia la yule Beryl wako likitikisika.

Nilijua ni yeye aliyetuchongea. Nani mwingine? Tulikuwa tukiimba Alhamisi, na aliwahi kuja kulalamika. Nimemchukia mwanamke yule miaka kumi na mitatu. Sijakosa kumchukia hata Jumapili. Nimepiga pasi shuka za hoteli nikimchukia. Wewe ukaniandikia kuhusu malimau yake, nikaichana barua ile vipande na kuitia jikoni.

Sasa unaniambia alimficha kaka yangu nyuma ya mashine, akampa supu.

Je, unaelewa ninachokuambia? Semisi, baba yako, alijua. Angeniambia kwa mstari mmoja. Amenitumia mablanketi, makopo, cherehani, mabati ya paa hili ninaloandikia chini yake, na kila sanduku nimelikagua mpaka chini kabisa nikitafuta neno. Sikutaka pesa. Nilitaka aseme, Dada, nilikuacha. Au aseme, Dada, asante. Lolote kati ya hayo mawili. Hakusema, hata tulipomzika Mama, alikuja, akakaa na wanaume, akaondoka na ndege ya Jumanne. Na kwa sababu hakusema, nimemchukia mtu aliyemwokoa.

Nilikuficha wewe ili usimdharau baba yako. Mtoto anayemdharau baba hana pa kusimama. Ndiyo sababu yangu. Uliitaka, chukua.

Akanesi

*

Mtaa wa Harcott
24 Agosti 1989

Kwa Shangazi,

Sijui nikusalimie vipi baada ya barua ile. Natumaini unalala.

Niliiweka kwenye mfuko wa sare siku nzima, wodini, na nilipotoka zamu nilipanda basi la Mangere na sare yangu. Ilikuwa siku Baba haendi kazini. Walikuwa wanakula. Mama aliniangalia mara moja akazima redio.

Nikamwambia, "Baba, Bi Beryl anauliza mguu wako ulipona."

Aliweka kijiko chini. Hakuuliza Beryl ni nani.

Nikasema, "Shangazi alitoka bila viatu. Ulijua?"

Mama akasema, "Naite, acha."

"Ulijua au hukujua?"

Akasema, "Nilikuwa na mtoto. Mama yako alikuwa kitandani. Nilikuwa na mtoto."

Nikamwambia, "Na Shangazi alikuwa na nani?"

Nimewahi kumwona Baba amekasirika, sijawahi kumwona hivi. Alisimama akaenda uani akaanza kuosha gari. Mvua ilikuwa inanyesha, Shangazi, na yeye anaosha gari. Nikamfuata nikasimama mvuani, nikamwambia kwamba amekufanya umchukie mtu asiye na kosa, kwamba ulikuwa ukitafuta neno lake chini ya makopo. Nikamwambia kwamba ameniacha nibebe kitanda kichwani kwa sababu hawezi kukanyaga mtaa ambao wewe ulipita miguu mitupu. Sikuwa na adabu hata kidogo. Alisugua tairi lile lile mpaka nikaondoka.

Tangu siku hiyo sijakwenda kwao. Mama ananipigia wodini analia. Nami nina hasira na wewe pia. Unasema hukutaka nimdharau. Sasa namdharau mara mbili, na wewe umekaa miaka yote ukimlinda na kumchukia pamoja, na mimi katikati nikiandika kadi za Krismasi.

Nyumba hii siitaki tena. Nikipanda ngazi naziona nyayo zako. Wiki hii wameipa notisi familia ya watu wa kisiwa cha Niue wanaokaa nyumba ya tatu, mwenye nyumba anaiuza, na Wazungu wawili walikuja kupima madirisha watoto wakiwa bado wanakula ndani. Kila mtu anasema mtaa unapendeza. Fetu anasema nisiamue nikiwa na hasira, lakini sijui nitaacha lini kuwa na hasira. Nimemwuliza dalali kuhusu Otahuhu.

Naite

*

Nuku'alofa
1 Oktoba 1989

Kwa Naite, mwanangu,

Mimi mzima, na una haki ya kukasirika nami. Nimelikubali hilo mara moja, sitalirudia.

Baba yako yuko hapa.

Hakuniandikia kwamba anakuja. Jumamosi ya wiki iliyopita nilikuwa barazani napiga pasi, shuka zimepangwa mpaka dirishani, nikaona mtu amesimama kwenye njia na begi dogo. Amezeeka. Hukuniambia kwamba amezeeka. Alivua viatu mbali, akaja akaketi chini nje ya kizingiti, pale wanapoketi watu walioomba kazi nikawanyima.

Sikumkaribisha. Nilikuwa na shuka za kumaliza na nikazimaliza. Aliketi juani, kichwa chini. Watu walipita, wakamwamkia, hakuitika.

Nilipozima pasi nikamwuliza, "Nani amekutuma?"

Akasema, "Naite."

"Naite hajui kwamba uko hapa."

"Hajui. Lakini ni yeye."

Nikamwuliza jambo ambalo nimelitaka miaka yote. Nikamwambia, "Walipokuwa wananihoji, ulikuwa umefika wapi?"

Aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Kisha akasema, "Chini ya dirisha. Nilikuwa bado sijakimbia. Nilikusikia ukiwaambia warudie. Nilikusikia ukisema uko peke yako."

Nikamwambia, "Basi ulisikia nikikuficha."

Akasema, "Kila neno. Na bado nikakimbia. Sikukuandikia kwa sababu ningeandika hilo, na baada ya hilo sikujua mtu huandika nini."

Nilimpiga, Naite. Mimi, mwanamke wa umri huu, kwa shuka iliyokunjwa, kichwani na mabegani, mpaka shuka ikakunjuka na kazi yote ikaharibika. Hakuinua mkono. Halafu nikaongea. Nilimwambia habari za mahabusu, na za yule mwanamke wa uhamiaji aliyenipa malapa ya mtu mwingine, na za kushuka kwenye ndege hapa na Mama yetu amekuja kunipokea akidhani nimeleta zawadi. Nilimwambia kwamba Mama aliugua mwezi ule ule, na kwamba ndiyo maana uongo wetu ukakaa vizuri. Nilimwambia kuhusu Beryl. Niliongea mpaka taa za jirani zikawashwa. Akasema tu, "Ndiyo, Dada." Nikamwambia akisema "lakini" hata mara moja, arudi uwanja wa ndege. Hakusema.

Usidhani mambo yamekwisha. Amelala kwa binamu yetu, anakuja asubuhi kunipasulia kuni. Sijamsamehe. Kuna saa namtazama anavyokula, na hasira inarudi mpya kabisa, na ninamwambia, naye anaacha kula mpaka nimalize. Hilo limenifaa kuliko mabati.

Jana jirani, yule wa kuku, alisimama uani akamwuliza, "Semisi, umekuja kupumzika?"

Baba yako akasema, "Ndiyo, kidogo."

Nikatoka nje na sabuni mikononi. Nikamwambia jirani, kwa sauti ya kufika barabarani, "Hakuja kupumzika. Muulize vizuri."

Jirani akatutazama mmoja mmoja. Baba yako aliweka shoka chini. Akasema, "Nimekuja kumwomba dada yangu radhi. Nilimwacha mikononi mwa polisi nikakimbia."

Alisema mbele ya jirani, mke wa jirani, na watu wawili wa baiskeli. Leo mji wote unajua, na kanisani walinipisha njia.

Kuhusu nyumba. Otahuhu sitaki kusikia. Wanaotaka tutoke kwenye mtaa ule hawahitaji msaada wako. Lipa kodi, kwangua ukungu, na kama familia ile ya Niue haijapata pa kwenda, una chumba cha nyuma. Mwenye nyumba akiuliza mko wangapi, mwambie shangazi yako ndiye aliyeruhusu. Nenda kwa Beryl. Mwambie Akanesi anashukuru kwa supu. Mengine nitamwambia mwenyewe nikiweza, na sasa hivi siwezi.

Baba yako anarudi Jumanne, na barua hii atakuletea mwenyewe. Nimemwambia atoke uwanja wa ndege aje moja kwa moja kwako, ashuke garini kwenye kona, na avue viatu. Mpikie. Kisha useme yako yote, usibakize kitu.

Shangazi yako,
Akanesi